Wanadai rejesho nililolipa, nijibu vipi kwa barua?

FundiNgamiani
Wakuu salaam. Mwaka 2022 nilikopa laki 4 kwa kampuni moja ya mikopo hapa Tanga, marejesho manne ya 130,000. Matatu nililipa kwa simu, la nne nilimpa afisa mikopo mkononi, akaniandikia risiti. Wiki iliyopita kampuni nyingine kabisa, eti wakusanya madeni, wananiambia nadaiwa 610,000 na faini ndani yake. Wanampigia mpaka shemeji. Jana wamesema watakuja kubeba cherehani.

KijanaDuga
Wape elfu 50 wakupumzishe.

BintiChumbageni
Duga, unamponza mwenzio. Akitoa hata buku, ameshakiri deni. Fundi, kwenye simu usibishane, waambie utajibu kwa barua, ukate. Halafu andika kweli: tarehe, namba ya mkopo, na sentensi ya msingi, "Deni hili silitambui." Watake walete mkataba, mchanganuo wa hiyo 610,000, na barua ya mkopeshaji iliyowapa kazi ya kukudai. Usithubutu kuandika "naomba mnipunguzie". Hapo umejifunga mwenyewe.

FundiNgamiani
Risiti ninayo ila wino umepauka, muhuri tu ndio unasomeka vizuri.

BintiChumbageni
Ipige picha juani leo leo. Ambatanisha kivuli, halisi isitoke ndani kwako. Yale matatu kaombe taarifa ya miamala kwa mtandao wako wa simu. Barua toa nakala, wakugongee muhuri wa kupokea. Wakikataa, itume posta kwa rejista.

MzeeWaPongwe
Cherehani uliiweka dhamana? Na huyo shemeji?

FundiNgamiani
Cherehani hapana. Shemeji ndiye mdhamini, nilisahau kusema.

MzeeWaPongwe
Ulisahau! Basi yeye lazima wampigie, mpe naye nakala. Cherehani hawaigusi bila amri ya mahakama. Akija dalali, mwambie akuoneshe karatasi. Mkopeshaji naye mwandikie. Wakinyamaza, peleka malalamiko Benki Kuu, ndio wanaowapa leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018.

FundiNgamiani
Barua tayari, kesho posta. Ila yule afisa nasikia alishafukuzwa.

BintiChumbageni
Bahasha usiifunge kwanza. Ongeza jina lake na tarehe uliyompa pesa. Wizi usiutaje, hukumuona akiiba.