Kaka anataka kubobea kwenye presha ya macho: aende wapi?

Kutoka Leicester

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Mombasa mliotawanyika duniani.

Naomba mawazo yenu. Kaka yangu ni daktari wa macho huko nyumbani. Alimaliza shahada ya uzamili Nairobi miaka minne iliyopita, sasa yuko Mombasa anatibu kila linalomjia: mtoto wa jicho, watoto wenye makengeza, wazee wa presha ya macho. Hii presha ya macho, yaani glakoma, ndiyo iliyomshika moyo. Ilimchukua mama yetu jicho la kushoto kimyakimya, na la kulia limebaki nusu. Sasa anataka akabobee hapo. Kuna anayemwambia Uingereza, kuna anayemwambia India, mwingine Kanada. Mimi chumba naweza kumpa, lakini mambo ya vyeti na usajili siyajui. Aliyepita njia hii tafadhali anieleze.

Kutoka Toronto

Waaleikum salaam dada. Mimi si daktari, lakini binamu yangu alikuja huku kwa mafunzo kama hayo. Masomo hayakumshinda, kodi ya nyumba ndiyo iliyomshinda. Nafasi aliyopata haikuwa na mshahara, na miezi ya mwisho alikuwa akilala sebuleni kwetu huku mke na watoto wako Bamburi wanamsubiri atume chochote. Barua ya kukubaliwa ikija, kaka yako aisome mpaka aone neno mshahara. Asipoliona, aulize kabla hajajibu.

Kutoka Mombasa

Dada wa Leicester, waaleikum salaam. Mimi nimerudi Mombasa huu mwaka wa sita, na kazi yangu ya kila siku ndiyo hiyo anayoitamani kaka yako. Mtaniwia radhi nikirefusha. Wakati wangu nilitafuta mtu wa kunieleza haya sikumpata, na nilipoteza muda.

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza nilikwenda hospitali moja ya Ulaya yenye jina kubwa, miezi mitatu. Nilisimama nyuma ya bega la profesa. Niliona mashine ambazo sikuwahi kuziona, nikapewa cheti kizuri, na kwa miezi yote hiyo mkono wangu haukushika kisu hata mara moja. Kule daktari ambaye hajasajiliwa na baraza lao hagusi mgonjwa. Barua ya mwaliko ilisema hivyo kwa neno moja tu, "mtazamaji", nami nililipita mbio kwa furaha ya kuitwa.

Wiki ya pili baada ya kurudi akaja mzee mmoja, fundi seremala wa Mji wa Kale. Kilichomleta ni kidole gumba cha kushoto, kila siku anakigonga kwa nyundo. Alidhani mkono umezeeka. Nikapima presha ya jicho, 38, na kawaida ni kati ya 10 na 21. Nikamwomba atazame pua yangu bila kuhamisha macho, nikanyoosha vidole upande wa kushoto kwa chini. Hakuviona mpaka vilipokaribia kidevu changu. Upasuaji aliouhitaji niliujua wote kwa maneno, lakini sikuthubutu kuufanya. Nikamwandikia barua ya kwenda Nairobi. Hakwenda.

Kwa hiyo swali la kwanza la kaka yako liwe hili: nitapasua mwenyewe mara ngapi? Mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi uzi wa mwisho. Ajibiwe kwa maandishi, halafu awatafute wawili waliomaliza mafunzo hapo, awapigie simu awaulize swali lilelile.

Upasuaji wenyewe, trabekulektomi, si wa jana. Cairns wa Cambridge aliueleza mwaka 1968. Unayafungulia maji ya jicho njia ndogo, yatoke na kukusanyika kwenye kilengelenge kilichojificha chini ya kope la juu, na presha inashuka. Kukata hakuchukui muda mrefu. Vita viko kwenye kovu, kwa sababu mwili ukiona jeraha unataka kulifunga, na njia ikifungwa umerudi pale pale. Kwetu sisi wenye asili ya Afrika kovu huwa na nguvu zaidi, ndiyo maana kabla ya kutoboa tunaweka dawa iitwayo mitomisini kwa dakika chache ili kulizuia. Ukiizidisha, kilengelenge kinakuwa chembamba kama ganda la kitunguu, kinavuja, na miaka baadaye viini vya maradhi vinaweza kupenya hadi ndani ya jicho. Ukiipunguza, kovu linashinda. Kukisia hapo katikati utajifunza kwa kumwona mgonjwa yule yule wiki ya kwanza, ya pili, ya sita, na kujua leo umwache au umguse. Ndiyo maana nasema miezi mitatu haitoshi kwa anayeanza. Zile nafasi fupi za ICO, baraza la kimataifa la madaktari wa macho, ni nzuri kwa mtu anayeijua kazi tayari na anataka kuongeza jambo moja. Kaka yako atafute mwaka mzima.

Mimi mwaka wangu niliupata India Kusini. Hospitali kama Aravind ya Madurai, iliyoanza na vitanda 11 mwaka 1976, na L V Prasad ya Hyderabad zina wagonjwa wengi na zimezoea kufundisha wageni. Maisha si ghali, na mtu wa Mombasa halali njaa penye wali na samaki wa nazi. Kinachosumbua ni kibali cha baraza lao la madaktari cha kumruhusu mgeni atibu. Aanze kukifuatilia mapema, na asikate tiketi kabla hajakishika mkononi.

Uingereza kuna mpango wa mafunzo kwa madaktari wa nje uitwao MTI, usiozidi miezi 24, kisha unarudi kwenu. Unasajiliwa na GMC, baraza la madaktari la kule, kwa hiyo unagusa mgonjwa. Lakini mtihani wa Kiingereza kwanza: IELTS jumla 7.5, na isipungue 7 kila sehemu katika mtihani mmoja, au OET, ule wa watu wa afya, daraja B kila sehemu. Shahada zinahakikiwa kwenye vyuo vilivyozitoa. Na cheti cha mwenendo mwema kutoka KMPDC, baraza letu la madaktari Kenya, asikikimbilie, GMC wanakitaka kiwe hakijapita miezi mitatu. Mwenzangu mmoja alikilipia mara mbili kwa haraka yake.

Kanada sikukaa, siisemei.

Msidharau jirani pia. COECSA, chuo cha madaktari wa macho wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ofisi yao iko Nairobi, na kuwauliza ni nauli ya treni tu. Moshi nako, mwendo wa kupitia Voi na Taveta, hospitali ya KCMC ndiko kulikofanyika utafiti uliochapishwa 2021 wa kulinganisha leza iitwayo SLT na matone ya timolol. Baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho, matone asilimia 31. Nilipousoma nilimkumbuka mama mmoja wa Kinango anayekuja kwangu na chupa tupu, ananiambia mwezi huu ilikuwa dawa au karo. Leza nayo nguvu zake hupungua kwa miaka, lakini haimtaki mtu aende duka la dawa kila mwezi. Popote kaka yako aendapo ahakikishe anaijua leza hiyo, pamoja na gonioskopi, kuitazama pembe ya jicho kwa lenzi ya vioo, mpaka aifanye kwa wepesi anaofungia kikoi.

Halafu kurudi. Kama ameajiriwa na kaunti, likizo ya masomo na mkataba wa kurudi kazini viandikwe kabla hajapanda ndege, na mashine zitajwe humo kwa majina: ya kupima upana wa kuona, na leza. Mimi nilirudi na mikono inayojua kazi, nikakaa miezi minane bila leza. Nilihesabu wagonjwa niliowapa matone huku najua walihitaji kitu kingine, kisha nikaacha kuhesabu.

Sasa wewe dada. Umesema mama. Je, wewe umepimwa? Mzazi au ndugu wa damu akiwa nao, hatari kwako inapanda, na ugonjwa huu kwa kawaida hauumi wala hauwashi. Unakula pembezoni kwanza, na wakati huo katikati unaweza kutunga uzi kwenye sindano. Kwa nyinyi wa England, ukitimiza miaka 40 na mzazi, ndugu au mtoto wako ana presha ya macho, NHS, huduma ya afya ya serikali, wanakupima macho bure. Waambie wazi kuhusu mama, maana wao hawatakisia. Uskoti ni bure kwa kila mtu. Na kaka yako, pamoja na udaktari wake, akae kwenye kiti cha mgonjwa, mwenzake ampime.

Kutoka Leicester

Daktari, Mungu akulipe. Nina miaka 43 na sikuwahi kupimwa. Nimepiga simu asubuhi hii, nimepewa Alhamisi saa nne. Kaka nimemsomea ujumbe wako kwenye simu, amenyamaza kwa muda, kisha akasema naye atakwenda kupimwa. Ana swali moja: huo mwaka wa India ulikuwa unaandika nini kila siku?

Kutoka Mombasa

Nilikuwa na daftari la dukani, la kurasa 200, bila jina la mgonjwa yeyote. Nakunakilia ukurasa mmoja:

"Mwanamke, jicho la kulia, presha 32. Mitomisini dakika tatu. Siku ya kwanza 12, kilengelenge kimetanda. Siku ya tisa 24, kimelala, kimeanza wekundu. Profesa akaniachia. Nimekata uzi mmoja wa mshono kwa leza ili maji yatoke, kilengelenge kimeinuka nikikiona, presha 13. Wiki ya sita 14. Nilichelewa. Angeonwa siku ya saba."

Ukurasa wa pili wake niliuacha mtupu kila mara, ili nirudi kuujaza baada ya miezi mitatu. Mwambie aanze lake kesho, na wagonjwa alionao sasa. Akitaka kuja kuangalia kazi, kliniki yangu ni Jumanne.