MREJESHO: Santuri zangu sasa zinapiga kwa mwendo wake

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliwauliza kwa nini tangu nihamie ugenini santuri zangu zinakimbia, waimbaji wazima wanasikika kama watoto, na transfoma nimeshafunga.

Aliyesema niangalie hezi (Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde), si volti, alipiga penyewe. Nilikotoka umeme ni 50 Hz, huku ni 60 Hz, na mota ya mashine yangu ya kupigia santuri inafuata hizo hezi. Transfoma inapandisha volti tu, hezi haizigusi. Kwa hiyo sahani ya kuzunguka mara 33⅓ kwa dakika ilikuwa inazunguka mara 40! Fundi kanibadilishia puli inayovuta mkanda, kaweka nyembamba zaidi, kisha akatega karatasi ya mistari juu ya sahani chini ya taa. Mistari ikaonekana imetulia tuli. Hapo nikajua mambo yamekaa sawa.

Santuri zenyewe zimefika salama, isipokuwa moja iliyopinda. Zote nimezisimamisha wima, mbali na kipasha joto.

Kilichonifurahisha zaidi ni jirani. Alisikia gitaa la santuri zangu kupitia ukuta, akabisha hodi kuuliza ni bendi gani. Naye anakusanya santuri! Sasa tunaazimana, na kwake nimepata watu wa kuongea nao. Upweke umepungua sana, asanteni mno.

Wenye mashine za mota ya DC (umeme kama wa betri) msihangaike na puli, tafuteni adapta inayofaa tu.