Duo ya Bizet "Au fond du temple saint": mbona miisho haifanani?

Mwalimu_Kamalondo
Jambo bandugu. Hapa Lubumbashi tunaandaa jioni ya muziki, na waimbaji wawili, tenori na baritoni, wamechagua duo ya *Les pêcheurs de perles*, opera ya Mfaransa Bizet. Tenori anasoma karatasi za intaneti, baritoni anafuata rekodi ya simu. Wanakwenda vizuri mpaka kwenye kiapo, hapo kila mtu anashika njia yake. Nani amekosea? Tena tuna kinanda kimoja tu cha umeme, na tenori anabanwa huko juu.

Baritoni_Katuba
Hakuna aliyekosea, Mwalimu. Duo hiyo ina miisho miwili. Opera ilitoka Théâtre Lyrique, Paris, tarehe 30 Septemba 1863, Bizet hajatimiza miaka 25. Ilichezwa mara 18 ikawekwa kando, naye akafa 1875 bila kuiona tena jukwaani. Ilipofika Opéra-Comique mwaka 1893, mikono ya wengine ilikuwa imeshaigusa.

Soma maneno ya mwisho. Ukikuta "Amitié sainte, unis nos âmes", hiyo ni ya 1863: muziki unageuka kuwa wa mapigo matatu, mwendo unaongezeka, na ule wimbo wa mungu wa kike, yaani wa yule mwanamke anayetokea hekaluni, haurudi. Ukikuta "Oui, c'est elle! C'est la déesse", huo ni mwisho wa baadaye, wimbo wenyewe unarudi. Rekodi nyingi zina huo wa pili.

Ndani ya opera nzima mimi nautetea wa 1863. Nadir (tenori) na Zurga (baritoni) wanaapa kumfukuza huyo mwanamke moyoni. Wataapaje huku wanaimba wimbo wake? Ila duo ikisimama peke yake mbele ya watu, chukua wa pili. Masikio yote yanaungoja ule wimbo urudi.

Kinanda_Ruashi
Imeandikwa mi bemoli, na tenori anapanda mpaka si bemoli. Weka transpose (kitufe cha kuhamisha sauti) −2, yaani nusu-sauti mbili chini: anaishia la bemoli. Wanaosoma solfa hawabadilishi kitu, do ndiyo inahamia re bemoli. Kabla ya kushuka zaidi, msikilize baritoni kwenye noti zake za chini, asije akapotea.

Wimbo wa mungu wa kike Bizet aliupa filimbi na kinubi. Gawa kinanda: filimbi mkono wa kuume, kinubi wa kushoto. Usiweke sauti ya violini kushoto, inachelewa kutoka na zile noti za mfululizo zinakuwa uji. Angalizo: courant (umeme) ikikatika, vinanda vingi vikiwaka tena transpose imerudi 0. Itazame kabla hamjaendelea.

Baritoni_Katuba
Naongeza mambo mawili. Wakiimba pamoja, baritoni ndiye anayemfunika tenori, kwa sababu yeye yuko mahali pazuri pa sauti yake na mwenzake amenyooka juu. Baritoni apunguze, na wote waanze ule wimbo polepole kabisa. Wakianza kwa nguvu hawatakuwa na pa kupandia.

La pili, e ya mwisho. Mbele ya irabu inamezwa: "femme apparaît" ni fa-ma-pa-rè. Lakini "une" mbele ya "femme" ina silabi mbili, u-ne. Mmoja akimeza na mwingine asimeze, hawataanguka pamoja.

Mwalimu_Kamalondo
Asanteni sana. Nimefungua ukurasa wa mwisho: za tenori zinasema "Amitié sainte". Natafuta nakala ya ule mwisho mwingine, tunaanza upya na −2.