Laptop imepigwa Windows upya, haina kitu: niweke programu gani za bure?

Wakuu, laptop ni ya mtumba, RAM GB 4, HDD ya GB 500, Windows 10. Kazi zake ni barua, hesabu za duka, kusoma PDF na kuangalia muvi. Kreki (programu za kulipia zilizovunjwa leseni) sitaki, na bando lenyewe la kubana. Nianze na zipi?

Panya_wa_Waya:
Mkuu, kwa RAM hiyo usijaze vitu. Barua na hesabu weka LibreOffice. Ni nzito kuishusha, kama MB 350, kwa hiyo tegea bando la usiku. Ukishaiweka, ingia Tools, Options, Load/Save, General. Hapo kwenye Always save as, upande wa maandishi chagua Word 2010-365, upande wa hesabu Excel 2010-365. Usipogusa hapo itahifadhi kwa .odt na .ods, na ukifika steshenari mtaanza kuulizana.

Muvi ni VLC, habari za kutafuta kodeki (vipande vya kufungulia aina za video) zimeisha. Faili za zip na rar zifungue kwa 7-Zip, haifiki hata MB 2. PDF soma kwa SumatraPDF, nyepesi mno, ila fomu za kujaza zifungulie ndani ya Firefox.

Kibodi_Mbovu:
Hapo kwenye LibreOffice kuna mtego mwingine. Fonti yake ya kuanzia ni Liberation Serif, na kompyuta nyingi za steshenari hazina. Word inaweka fonti nyingine, mistari inasogea, barua ya ukurasa mmoja inakuwa miwili. Badilisha iwe Times New Roman kwenye Options, LibreOffice Writer, Basic Fonts. Na kitu cha kuprinti tu kipeleke kikiwa PDF.

Zima_Washa:
Mnamtajia programu, hamumwambii azitoe wapi. Ukitafuta "VLC bure", ya juu kabisa inaweza kuwa tangazo la tovuti inayokubandikia takataka. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) utumie winget, kishusha-programu cha Windows yenyewe. Andika:

winget install VideoLAN.VLC
winget install 7zip.7zip
winget install SumatraPDF.SumatraPDF

Ikisema haiijui winget, sasisha App Installer kwenye Microsoft Store.

Antivirasi usiongeze, Defender iliyomo inatosha. Flash ikirudi imejaa shortcut tupu, usibofye hata moja. Iskani kwanza, halafu kama herufi ya flash kwenye This PC ni E, andika kwenye Command Prompt:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yako yamefichwa tu, yatatokea.

Mleta uzi:
Shukrani wakuu. Ila Windows 10 si ilishaachwa?

Panya_wa_Waya:
Ndiyo, usaidizi wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine haina TPM 2.0 (chipu ya usalama), Windows 11 haitaikubali kwa njia ya kawaida. Kwa kazi ulizotaja, Linux Mint ya Xfce (mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows, toleo jepesi) inakufaa, na LibreOffice inakuja nayo. Iandike kwenye flash ya GB 8 kwa Rufus, programu ya kutengeneza flash ya kusakinishia (flash itafutwa yote), uwashe mashine kupitia flash hiyo na ujaribu kabla ya kusakinisha. Angalia Wi-Fi, sauti na printa. Wi-Fi ikigoma hapo, usisakinishe kwanza.

Kibodi_Mbovu:
Na hiyo HDD itoe, mkuu. Weka SSD (diski ya kisasa, ina kasi zaidi) ya GB 240. Hakuna programu ya "kuongeza spidi" itakayofanya kazi hiyo, na nyingi ya hizo ndizo zinazoongeza uzito.