Naomba ushauri: funguo za programu ya wauza dagaa, ujumbe mrefu unagoma

Kijana wa Igombe
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza programu ya simu kwa wachuuzi wa dagaa, wengine wako kisiwani Ukerewe, wengine soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Wanatumiana bei, idadi ya magunia na namba ya kumlipia mvuvi. Hiyo namba ndiyo inaninyima usingizi: mtu akichomeka yake hapo katikati, hela ya watu imekwenda.

Jozi za funguo za RSA (wa wazi unafunga ujumbe, wa siri unaufungua) nazalisha kwenye seva:

`openssl genpkey -algorithm RSA -pkeyopt rsa_keygen_bits:2048 -out siri.pem`
`openssl pkey -in siri.pem -pubout -out wazi.pem`

Mtu akijisajili, seva inamtumia ufunguo wake wa siri. Ujumbe mfupi unapita, orodha ya mzigo mzima inagoma, naambiwa data ni ndefu mno. Nipandishe hadi biti 4096?

Mzee wa Seva
Usipandishe, mkuu. Biti 2048 ni baiti 256, na RSA haifungi zaidi ya hapo kwa mara moja. Ukitumia OAEP (njia ya kuchanganya ujumbe na nasibu kabla RSA haijaufunga) na SHA-256 (hesabu inayogeuza data yoyote kuwa alama fupi), baiti 66 zinaliwa, unabaki na 190. Hiyo 4096 itakupa 446, na msimu wa dagaa wengi orodha itazidi tena.

RSA haibebi mzigo, inabeba ufunguo. Kwa kila ujumbe, simu izalishe ufunguo mpya wa nasibu wa AES (hapa ufunguo mmoja unafunga na kufungua), biti 256. Orodha isimbe (ifunge isisomeke) kwa AES-GCM, yaani AES inayogundua pia ujumbe ukichezewa, halafu huo ufunguo wa baiti 32 ndio uusimbe kwa ufunguo wa wazi wa mpokeaji. Vyote viwili vinasafiri pamoja.

Binti Nyakato
Mimi kilichonishtua ni kingine. Ndugu yangu, seva inawagawia watu funguo za siri? Basi si za siri tena! Atakayeingia kwenye seva yako atasoma kila kitu, cha jana na cha kesho.

Ufunguo wa siri uzaliwe kwenye simu ya mwenyewe na usitoke humo. Android ina Keystore, hifadhi ya funguo ndani ya simu: unaiagiza izalishe jozi, na hata programu yako haiwezi kuusoma ule wa siri, inaomba tu kazi ifanyike. Seva ibaki na funguo za wazi peke yake. Na kama siri.pem iliwahi kuingia Git (hifadhi ya msimbo inayotunza kila toleo), kuifuta leo hakutoshi, historia bado inayo.

Halafu hofu yako ya namba ya malipo, kusimba peke yake hakuiondoi. Ufunguo wa wazi anao kila mtu, kwa hiyo yeyote anaweza kusimba namba ya uongo. Weka sahihi: jozi ya pili, ECDSA ya P-256 (aina ya funguo za kutia sahihi), mtumaji anatia sahihi, mpokeaji anahakiki kabla namba haijaonekana kwenye skrini. Jozi moja isifanye kazi zote mbili.

Kijana wa Igombe
Asante sana dada. Sasa seva ikidukuliwa, si mtu anaweza kubadilisha ufunguo wa wazi wa mwenzake?

Mzee wa Seva
Anaweza. Ndiyo maana programu ionyeshe alama ya ufunguo, yaani SHA-256 ya ule wa wazi, kwa QR. Wanaokutana Mwaloni wakipokea mzigo waskani hapo hapo. Wa Nansio, kule Ukerewe, wasiovuka wasomeane alama kwa kupigiana, sauti wanazijuana. Na ufunguo wa mtu ukibadilika, programu isimame iulize, isipokee kimya kimya.

Mama Mizigo
Na simu ikitumbukia ziwani?

Binti Nyakato
Jozi mpya, mama, na alama inahakikiwa upya. Ujumbe uliosimbwa kwa ufunguo wa zamani haufunguki tena, kwa hiyo kila ujumbe ubebe namba ya ufunguo uliotumika, ili simu ya mtumaji ijue upi wa kutuma tena.