Leo mama yangu ameambiwa kuwa anaishi kwenye zizi la farasi

Mtoto wa Kota
Ndugu wanajukwaa, ninaandika mikono ikitetemeka, hivyo herufi zikirukaruka mnisamehe. Yule mtembeza wageni wa mtaani kwetu, ambaye sina haja ya kumtaja kwa sababu kofia yake mnaiona hata mkiwa kileleni Meru, leo saa nne asubuhi ameleta wageni sita mpaka kibarazani kwa mama yangu, akagonga ukuta kwa fimbo yake, akawaambia kwa Kiingereza kwamba hapo palikuwa zizi la farasi wa Mjerumani. Mama alikuwa ameketi papo hapo akichambua maharage. Amefundisha shule ya msingi miaka thelathini, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Fimbo ilipogonga mara ya pili, kipande cha rangi kikabanduka na kuangukia ndani ya ungo.

Zizi! Mjerumani aliondolewa Arusha mwaka 1916, akaacha Boma, lile ambalo sasa ni makumbusho, na anayetaka kuona ukuta wa Mjerumani aende akaupapase huko. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, Uhuru ukiwa haujatimiza hata mwaka mmoja na nusu, na kota zetu ni matofali ya saruji ya Shirika. Farasi huyo angekaa mvuani si chini ya miaka 46 akisubiri kukabidhiwa ufunguo.

Wala si kwamba historia haipo mpaka mtu aitunge. Mwaka 1967 Arusha ilipofanywa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, watumishi walimiminika kutoka Kenya, Uganda na mikoa yetu wenyewe, na wote walihitaji pa kulala. Marehemu baba alipopewa nyumba, hapa palikuwa ukingoni kabisa mwa mji. Nyuma ya jiko letu ilianza mibuni, na bomba la maji lilikuwa moja kwa mstari mzima wa nyumba, kiasi kwamba habari za mtaa zilijulikana kwenye foleni ya ndoo kabla hazijamfikia balozi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, majirani kutoka Kenya wakafunga mizigo, wakatuachia kabati ambalo mlango wake haujafunga mpaka leo. Mama angewasimulia wageni yote hayo bure, na chai juu yake. Badala yake amegongewa ukuta mara tatu na kuwekewa rangi kwenye maharage.

Na kilichonimaliza ni hiki: mgeni mmoja aliona aibu, akainama ili akitoe kile kipande unguni, na yule bwana akamzuia, akimweleza kwamba ni kitu cha kale. Rangi hiyo niliipaka mimi mwenyewe Desemba iliyopita!

Mzee wa Ngarenaro
Pole sana, mwanangu. Umeeleza kila kitu isipokuwa kama maharage yaliiva.

Mtoto wa Kota
Shikamoo, Mzee. Hayakupikwa. Mama ameingia ndani na hazungumzi na mtu.

Shemeji wa Sakina
Mimi nisingekimbilia kukasirika. Si kila nyumba ya Shirika ilijengwa na Shirika. Sheria ya mwaka 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 majengo hayo yakahamishiwa kwa Shirika. Una hakika gani kwamba nyumba yenu haikuwa ya mtu mwingine?

Mtoto wa Kota
Shemeji, vyumba viwili na jiko la nje vingefikaje shilingi 100,000 za wakati ule? Hayo yalikuwa maghorofa ya katikati ya mji. Naomba turudi kwenye ukuta, ambao umegongwa mara nne.

Shemeji wa Sakina
Mwanzoni zilikuwa mbili.

Dada wa Kijenge
Kaka, wewe umegongewa ukuta tu. Jirani yangu wa ghorofa ya juu, ambaye wote mnamfahamu kwa mlio wa viatu vyake, amepangisha familia tatu katika nyumba moja ambayo mkataba wake bado una jina la marehemu babu yake, na zote zinatumia shimo lilelile la maji taka lililochimbwa kwa ajili ya watu watano. Limefurika tangu Pasaka. Ukimwuliza, anajibu kwamba mtaa huu ni wa kihistoria, hivyo hauchimbwi ovyo.

Mzee wa Ngarenaro
Huyo wa viatu ninamjua tangu akiwa mtoto. Siku hizi hata mbuzi wanalala ngazini kwake.

Shemeji wa Sakina
Kumbe mazizi yapo. Mtembeza wageni alikosea mtaa tu.

Mtoto wa Kota
Ninawakumbusha kwa heshima zote kwamba uzi huu unahusu fimbo iliyogonga ukuta wa mama yangu mara tano, mbele ya wageni, akiwa na ungo mapajani.

Dada wa Kijenge
Tumekusikia, kaka, na mama tunampa pole. Mzee, hao mbuzi ni wake mwenyewe au ni wa yule mpangaji wa tatu?