Kwa nini Mawenzi imechongoka ilhali Kibo ni laini?

Mwanafunzi wa Jiografia:
Ndugu wanajamvi, salamu. Mtu akiutazama Kilimanjaro kutoka Moshi asubuhi, kabla mawingu hayajafunga, huona vilele viwili visivyofanana: Kibo, kilichoviringana kama kuba, na Mawenzi, kilichojaa majabali yaliyochongoka. Vitabu vinasema vyote viwili vilijengwa na volkeno. Ni nini basi kilichokichana kimoja na kukiacha kingine? Je, Mawenzi ililipuka ikajibomoa yenyewe?

Mpanda Milima:
Tofauti kubwa ni umri. Kilimanjaro ni volkeno tatu zilizopandiana: Shira upande wa magharibi, iliyoanza kutoa zaha (mwamba ulioyeyuka) takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, kisha Mawenzi, na hatimaye Kibo, kitinda mimba wao. Volkeno inapokuwa hai, kila mtiririko mpya wa zaha na kila tabaka la majivu hufukia makorongo yaliyochimbwa na mvua. Ikishazimika, makorongo hayo hayana wa kuyafukia. Shira imelika hadi ikabaki uwanda wa juu wenye kimo cha mita 4,000 hivi. Mawenzi bado ina mita 5,149, lakini usiku maji yaliyoingia katika nyufa zake huganda, huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9 na kuusukuma mwamba hadi upasuke, na jua linapoyeyusha barafu hiyo vipande huanza kudondoka.

Mkazi wa Rombo:
Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila umri pekee hauelezi kwa nini Mawenzi imefunguka upande wa kaskazini mashariki kama ukuta uliobomolewa. Ubavu ule uliporomoka kwa kishindo, na kifusi chake kikatapakaa hadi upande wa Kenya. Kwa hiyo haikuwa kazi ya mvua ya pole pole peke yake. Tena, ndani ya Mawenzi kuna kuta nyingi za miamba iliyoyeyuka ikapenya katika nyufa na kugandia humo, nazo ni ngumu kuliko majivu yaliyozizunguka. Majivu yalisombwa kwanza, kuta zikabaki zimesimama, na hayo ndiyo majabali unayoyaona. Wachaga husimulia kwamba Kibo alimpiga Mawenzi kwa mchi baada ya kuchoshwa na kuombwa moto kila mara. Ninaipenda hadithi hiyo kwa sababu imepatia jambo moja: moto wa Mawenzi ndio uliotangulia kuzimika.

Mwanafunzi wa Jiografia:
Nashukuruni sana. Je, Kibo nayo itafikia hali hiyo?

Mpanda Milima:
Imekwisha kuanza, ingawa kasoko yake, yaani shimo la volkeno lililo kileleni, bado inafuka gesi ya salfa. Wanaopanda kwa njia ya Machame hupita katika bonde la Barranco, mahali ambapo ubavu wa kusini magharibi uliporomoka na barafu ikaja kulichimba zaidi. Barafu hiyo sasa imepungua mno, kwani zaidi ya asilimia 80 ya eneo iliyofunika mwaka 1912 imetoweka, hivyo kazi kubwa ya kuubomoa mlima imeachiwa mvua na baridi ya usiku. Mito ya kusini hubeba udongo huo hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako sehemu ya tope hutuama badala ya kufuata mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi.